Daftari la Mtoto Mgeni Liacheni Salama: Barua ya Wazi kwa Shule za Bweni za Mbeya na Iringa

Ndugu zangu wakuu wa shule, walimu wa malezi, walimu wa zamu, matroni na patroni,

Nawaandikia kuhusu kitu kidogo ambacho hakimo katika ratiba zenu wala katika taarifa mnazopeleka kwa Afisa Elimu. Ni lile daftari ambalo mwanafunzi mgeni huandika habari zake za kila siku, kisha akalificha chini ya godoro au kati ya nguo ndani ya tranka. Naomba mliache daftari hilo salama. Naomba pia mwende mbele zaidi: kila mtoto anayeingia kidato cha kwanza au cha tano apewe nafasi na ruhusa ya kuwa nalo.

Nimefundisha Kiswahili kwa sehemu kubwa ya maisha yangu katika mikoa hii miwili na sasa nimestaafu. Nimekaa zamu, nimelea mabweni, na nimekuwa mzazi anayesimama getini ameshika ndoo na godoro lililofungwa kamba. Ninayoyasema nayasema kwa watu ambao kazi yao naijua na uchovu wao naujua.

Watoto wenyewe mnawafahamu, maana mnawapokea kila mwaka. Wa kidato cha kwanza huja Januari, mvua zikiwa zimeshika. Wa kidato cha tano huja Julai, wakati baridi ya nyanda hizi inaingia mpaka mifupani. Mmoja ametoka Tukuyu, kwenye migomba na mashamba ya chai, amepangiwa Iringa. Basi linapita Uyole, Chimala, Igawa, Makambako, Mafinga na Ifunda, safari ya zaidi ya kilomita 300, na anaposhuka Ipogolo hakuna hata mtu mmoja wa kumsalimu kwa Kinyakyusa. Mwingine ametoka Pawaga, kwenye joto na mpunga, amepangiwa shule ya Mbeya chini ya Mlima Loleza, na usiku wa kwanza anajua kwamba blanketi moja alilonunuliwa halitoshi.

Kisha wiki ya kwanza inaanza. Kengele hulia kabla ya mapambazuko. Kuna foleni ya maji, foleni ya uji, foleni ya choo. Wakubwa humwita njuka, na jina hilo huja na amri: njuka kachote maji, njuka kafue, njuka ondoka kwenye kitanda hicho. Darasani, hesabu na sayansi alizozisoma kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza sasa zinakuja kwa Kiingereza, na zipo shule ambako akisahau akasema Kiswahili anavikwa kibao shingoni. Simu haruhusiwi kuwa nayo. Anayetaka kusikia sauti ya mama yake husubiri mwisho wa wiki, simu ya matroni, foleni nyingine tena, dakika chache ambazo wenzake wanamsikiliza nyuma yake. Zamani kulikuwa na barua za posta, ingawa nazo nyingi zilifunguliwa ofisini kabla ya kutumwa. Siku hizi hata hizo ni nadra. Kwa mtoto huyo, mahali pekee pa kusema jambo bila kusikilizwa na watu ni kwenye karatasi.

Mwaka 2023 Wizara ya Elimu ilizuia huduma ya bweni kwa watoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu, kwa hoja kwamba mtoto mdogo anahitaji kulelewa na familia yake. Niliupokea uamuzi huo kwa furaha. Lakini mtoto wa kidato cha kwanza, mwenye miaka 13 au 14, alikuwa darasa la saba miezi michache tu iliyopita. Hitaji la kuwa na mtu wake wa karibu halikwishia kwenye cheti cha kumaliza shule ya msingi. Tumemtoa nyumbani kwa sababu nzuri, shule iko mbali na tunataka asome. Basi tumwachie pale alipo kitu kimoja kilicho chake: daftari lake.

Madaftari ya namna hii nimepata kuyasoma kwa ruhusa ya wenyewe, wengi wao wakiwa tayari ni watu wazima wenye watoto. Yaliyomo hayatishi hata kidogo. Siku zilizobaki kufika likizo zimeorodheshwa na kukatwa moja moja. Pesa ya matumizi imepigiwa hesabu mpaka senti ya mwisho. Kuna jina la msichana aliyemkatia mwenye daftari kipande cha sabuni, na limepigiwa mstari. Kuna neno la Kiingereza lililosikika darasani, na pembeni yake maana iliyobahatishwa. Maharage yamelalamikiwa sana. Halafu, kati ya maharage na sabuni, kuna sentensi moja: leo nimelia chooni, hakuna aliyeniona. Ukurasa unaofuata una ratiba ya vipindi.

Nataka tukae kidogo kwenye sentensi hiyo, kwa sababu ndiyo inayowagawa walezi. Wapo wanaoamini kwamba mtoto akiandika huzuni yake anaizidisha. Aisahau, asome, azoee. Fikra hiyo haitoki kwenye roho mbaya. Inatoka kwenye malezi tuliyolelewa sisi wenyewe, ya kuambiwa jikaze. Lakini jambo hili limefanyiwa utafiti, na utafiti wenyewe unahusu ugeni wa shuleni hasa.

Mwaka 1990 mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, na wenzake wawili walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya na wanafunzi 130 walioanza chuo. Kundi moja liliandika kwa siku 3 mfululizo mawazo na hisia zao kuhusu kuja chuoni. Kundi jingine liliandika mambo ya juujuu. Katika miezi iliyofuata, walioandika yaliyo moyoni walikwenda kwa daktari kwa ajili ya ugonjwa mara chache kuliko wenzao. Hapo watu wengi huishia kusimulia. Mimi nawaomba tusome na sehemu inayofuata: mwishoni mwa muhula, hao hao walioandika walisema wana hamu ya nyumbani na wasiwasi zaidi kuliko wale wengine. Kuandika hakukuwafuta machozi. Kuliwafanya wayajue na wayaseme. Na mwisho wa mwaka ulipofika, katika alama za masomo na katika furaha walikuwa sawa na wenzao au juu yao.

Watafiti hao waligundua jambo jingine ambalo nadhani litawafaa nyinyi zaidi. Wanafunzi waligawanywa, baadhi wakaandika wiki ya kwanza ya masomo, wengine ya 5, wengine ya 9, wengine ya 14. Muda haukuleta tofauti. Kwa hiyo shule ambayo haikufanya lolote Januari inaweza kuanza Machi, na mtoto aliyehamia katikati ya mwaka hajachelewa.

Hao walikuwa vijana wa chuo, wakubwa kuliko watoto wetu, na nchi yao ni nyingine. Siwezi kuwaahidi matokeo yaleyale kwa kijana aliyepangiwa ufundi Iyunga au Ifunda. Ninachojua ni kwamba walioandika kule Marekani waliandika wakiwa wamehakikishiwa siri. Hakuna aliyesimama mbele ya wenzake kusomewa maneno yake. Tukiondoa sharti hilo, tumeondoa kila kitu.

Na hapa ndipo penye uchungu wangu. Binti mmoja wa ukoo wetu alisoma katika shule ya bweni ya nyanda hizi; shule sitaitaja. Wiki zake za mwanzo aliandika katika daftari la kurasa chache alilopewa na bibi yake. Ukaguzi wa matranka ulipofanyika, waliokuwa wakitafuta simu walilikuta. Asubuhi yake, mstarini, likasomwa kwa sauti. Alikuwa ameandika kwamba uji unanuka moshi, kwamba kiranja fulani anampenda mwenye dada mkubwa shuleni na kumwonea asiye na mtu, na kwamba usiku anaita jina la bibi kimoyomoyo ili apate usingizi. Shule nzima ikacheka. Wakubwa wakampa jina la Bibi, akaitwa hivyo mpaka kidato cha nne. Daftari likatiwa motoni jikoni.

Alifaulu. Lakini insha zake nilizisoma mimi mwenyewe wakati wa likizo, mwaka hadi mwaka. Mtoto aliyekuwa akieleza mvua ya Rungwe mpaka unasikia bati linavyolia, alianza kuandika kama anajaza fomu. Utangulizi, kiini, hitimisho, na ndani hamna mtu. Aliyesoma daftari lile mstarini huenda alidhani anafundisha adabu. Alichofundisha shule nzima ni kwamba ukweli ukiandikwa unageuka kuwa fimbo ya kukupiga. Walimu wenzangu wa lugha, mnaolalamika kwamba wanafunzi wanakariri insha za mitihani iliyopita na hawana la kwao la kusema, tujiulize walijifunzia wapi kuficha.

Tusiache sheria pembeni. Katiba yetu, Ibara ya 16, inalinda maisha binafsi ya mtu na mawasiliano yake, na haikusema mtu mwenye umri wa kupiga kura. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unakataza katika kifungu cha 16 kuingilia kiholela faragha ya mtoto. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990 unasema hivyo katika kifungu cha 10, na unaongeza jambo la busara ambalo siwezi kulificha kwa sababu haliniungi mkono moja kwa moja: wazazi na walezi wana haki ya kusimamia mwenendo wa watoto wao kwa kiasi kinachofaa. Nakubaliana nalo kabisa. Kusimamia kwa kiasi kinachofaa ni kumuuliza mtoto, kumwita ofisini, kuzungumza na mzazi wake. Kusomea umati maneno ya mtoto hakuwezi kuitwa usimamizi katika lugha yoyote ya kisheria. Sheria yetu ya Mtoto ya 2009 nayo inampa mtoto haki ya kuwa na maoni na kuyatoa. Atatoaje maoni mtu ambaye hajaruhusiwa hata kujiambia mwenyewe anachoona?

Kwa mikoa yetu kuna sababu nyingine, nzito, na wengi wetu tunaikwepa. Utafiti wa kitaifa wa UKIMWI wa 2022/2023 ulionyesha maambukizi ya VVU kwa watu wazima nchini ni asilimia 4.4. Iringa ilikuwa asilimia 11.1, Mbeya asilimia 9.6. Hii maana yake ni kwamba katika mabweni yenu wamo watoto waliozaliwa na virusi, wanaomeza dawa kila siku kwa saa ileile wakiwaficha wenzao, na wamo wengi zaidi waliozika mzazi na kulelewa na bibi. Mtoto wa namna hiyo anaandika nini katika daftari lake? Anaandika saa ya dawa. Anaandika kwamba leo ameimeza kavu kwa sababu maji yalikuwa mbali na watu walikuwa karibu. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya hali ya mtu, na mwalimu anayesoma ukurasa huo mbele ya bweni amefanya kosa ambalo hakuna samahani ya kulirudisha. Hata kama hakukusudia. Hata kama alikuwa anatafuta simu.

Najua mtakaloniuliza. Je, kama mtoto ameandika kwamba anataka kujidhuru? Je, kama ameandika kwamba kuna mtu mzima anamchezea mwili? Je, kama daftari lina barua za mapenzi, mipango ya kutoroka, bangi?

Nianze na la mwisho, kwa kuwa ndilo linalotajwa zaidi na ndilo jepesi zaidi. Ukaguzi wa simu, bangi na visu fanyeni. Ni wajibu wenu. Mtoto awepo, tranka lake lifunguliwe mbele yake, daftari litikiswe kama kuna kitu kati ya kurasa, lirudishwe limefungwa. Kazi imekwisha. Barua za mapenzi za mtoto wa miaka 15 hazijawahi kukomeshwa kwa kusomwa hadharani. Zimehamia tu mahali ambako hamwezi kuzifikia.

Hayo mawili ya kwanza ni mazito na siyapuuzi. Lakini fikirini jinsi mtoto aliye hatarini anavyoonekana. Ameacha kula. Halali. Amekaa peke yake nyuma ya bweni wakati wenzake wako uwanjani. Amekonda katikati ya muhula. Matroni mwenye macho huyaona hayo bila kufungua ukurasa. Akiyaona, mwalimu wa malezi amwite, wakae wawili, amuulize kwa upole na ampe muda. Mara nyingi mtoto mwenye daftari ndiye atakayeweza kujibu, kwa sababu maneno anayo tayari, amekwisha kuyatafuta usiku. Ikiwa hatari ni ya kweli na mtoto hawezi kusema, daftari lifunguliwe mbele yake, na mtu mmoja anayemwamini, kwa ajili ya kumwokoa tu. Na kilichomo kiishie kwa wanaohusika: mzazi, ustawi wa jamii, polisi wa dawati la jinsia na watoto. Hicho ni kitu tofauti kabisa na kupekua.

Tena daftari linaweza kuwa ulinzi wa mtoto. Oktoba 2016 nchi nzima iliona video ya mwanafunzi akipigwa na walimu waliokuwa katika mafunzo kwa vitendo, hapa Mbeya. Hatua zilichukuliwa haraka, na zilichukuliwa kwa sababu simu ya mtu ilikuwepo na ikarekodi. Bwenini saa nne usiku, pale wakubwa wanapomnyang'anya njuka godoro au kumpigisha magoti mpaka wao wenyewe washikwe na usingizi, hakuna simu wala kamera. Mtoto aliyeandika tarehe, saa na jina ana kitu cha kushika siku atakapopata ujasiri wa kusema. Asiyeandika huambiwa kwamba anatunga.

Kuna suala la lugha, na hapa naongea kama mwalimu wa Kiswahili bila kuona haya. Msiweke sharti la Kiingereza katika daftari hilo. Kiingereza wafundisheni kwa bidii zote. Watoto wanakihitaji, mitihani iko kwa lugha hiyo. Lakini mtoto ambaye bado anabahatisha maana za maneno darasani hawezi kuitumia lugha hiyo kujieleza kwa nini hajalala. Aandike Kiswahili, achanganye na Kihehe, Kinyakyusa, Kisafwa, Kibena, Kindali, apendavyo. Makosa ya tahajia yasihesabiwe, kwa kuwa hakuna atakayeyaona. Nawaambia kwa uzoefu wa miaka mingi wa kusahihisha: mtoto anayezoea kuandika mengi katika lugha anayoimudu huandika vizuri zaidi hata katika ile anayojifunza.

Tunaweza kudhani kwamba maandishi ya mtoto hayana thamani kwa mwingine yeyote. Historia ya hapa hapa Iringa inatukatalia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kuanzia 1942, Waingereza walileta Tanganyika wakimbizi wa Poland waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na Wasovieti mpaka Siberia. Kambi kubwa ilikuwa Tengeru, Arusha. Nyingine zilikuwa Kidugala, Njombe, na Ifunda, Iringa. Wengi walikuwa watoto, baadhi mayatima, na walifunguliwa shule za lugha yao katikati ya miti na baridi wasiyoijua. Baadhi ya watoto wa kambi hizo za Afrika Mashariki waliacha kumbukumbu zao kwa maandishi, na leo tunajua walivyoishi, walivyosoma, walivyoiona nchi yetu.

Sasa tazameni upande wetu. Shule ya Malangali imekuwepo tangu 1928. Mkuu wake Mwingereza, W. B. Mumford, aliandika makala ndefu kuhusu shule hiyo katika jarida la Africa mwaka 1930. Tunajua alivyofikiri kuhusu wavulana wa Kihehe, Kibena na Kisangu aliowafundisha. Wao walimfikiriaje? Usiku wa kwanza bwenini ulikuwaje? Tosamaganga, Loleza, Iringa Wasichana, Rungwe, shule zote hizi zimelea vizazi, na habari zake tulizonazo zimeandikwa kwa sehemu kubwa na wakubwa wa shule, si na waliolala katika vitanda vile. Barua ambazo Shaaban Robert alimwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958 zilitufikia kama kitabu mwaka 2002 kwa sababu mdogo mtu alizitunza. Lau zingetiwa jikoni, tusingejua kitu.

Na kwa walezi wa mabweni ya wasichana nawakumbusha Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, aliyekuja kujulikana kama Emily Ruete. Katika jumba la baba yake wasichana walifundishwa kusoma, kuandika hawakufundishwa. Akajifunza kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu za maisha yake, na mpaka leo ukitaka kujua watoto wa jumba lile walikula nini, walicheza nini, waliogopa nini, ni lazima umsome yeye. Binti aliyezuiwa kalamu ndiye aliyetuachia habari za nyumba nzima.

Ninachowaomba kufanya hakigharimu sana. Katika majuma ya mwanzo ya Januari na ya Julai, chagueni jioni chache kabla ya kipindi cha kujisomea, robo saa au dakika ishirini, darasa likae kimya, kila mgeni aandike anachotaka kuhusu kuja kwake shuleni. Mwalimu akae nao na yeye aandike yake. Asipite kati ya madawati. Asikusanye. Atakayetaka kumsomea rafiki, ni hiari yake. Baada ya hapo daftari ni lake, aendelee au aache. Wapo watoto ambao kuandika hakuwafai kabisa, wanapona kwa mpira au kwa kwaya, nao wasilazimishwe. Waambieni viranja, kwa maneno yasiyo na mzaha, kwamba anayefungua daftari la mwenzake amefanya kosa sawa na anayeiba. Na matroni, wewe ndiye ufunguo wa jambo hili: siku ya kwanza unapowaonyesha vitanda, waambie kwamba madaftari yao hutayagusa. Watalikumbuka neno hilo kuliko hotuba yote ya mkuu wa shule.

Kama mnataka kujua malalamiko ya wanafunzi kuhusu uji na maharage, sanduku la maoni lipo. Liwekeni mahali ambapo kiranja hawezi kuona nani anatumbukiza karatasi, lifunguliwe kila wiki, na majibu yatolewe mstarini. Mtoto akiona uji umebadilika kwa sababu ya karatasi yake isiyo na jina, ataandika tena.

Wazazi wenzangu mtakaosoma barua hii, mtoto akirudi likizo na daftari, nanyi msilifunue akiwa kisimani. Mkaribisheni aseme. Akinyamaza, mpeni chai, mngojeni.

Wakuu wa shule, fomu zenu za maelekezo ya kujiunga nimezisoma nyingi. Zinataja godoro la futi mbili na nusu, ndoo mbili, jembe, ufagio, rimu ya karatasi, daftari kubwa kwa kila somo. Hapo chini ya rimu ongezeni mstari huu: daftari moja dogo la mwanafunzi mwenyewe, ambalo halitasomwa na mtu yeyote bila ridhaa yake, isipokuwa usalama wake ukiwa hatarini. Mstari huo hausubiri bajeti wala kibali kutoka Dodoma. Unaweza kuingia kwa sahihi zenu. Naomba uwemo katika fomu watakazopewa vijana wa kidato cha tano watakaoripoti Julai.

Wenu katika malezi,

Mwalimu mstaafu na mzazi,
Uyole, Mbeya